Kopo Nililolificha Siku ya Akdi

Ningaliirudisha chupa ile mikononi mwa kaka yangu, nisingalikuwa na haja ya kuandika haya. Asubuhi ya akdi ya ndoa ya binti yangu, Hamad aliitoa mfukoni mwa koti lake, akaiweka juu ya mswala wangu na kusema, "Kunywa hii. Kikohozi kitakatika mpaka magharibi. Leo si siku ya kutema mbele za watu." Nilijua kuwa nimekatazwa. Nilikuwa nimeambiwa kwa mdomo na nikaandikiwa kwa wino mwekundu. Nikaifungua mwenyewe, nikainywa mwenyewe.

Naandika kwa ajili ya mtu mwenye kifua kama changu, na zaidi kwa mtu mwenye kichwa kama changu.

Nimechoma chokaa miaka ishirini na mitatu. Tanuri letu lilikuwa karibu na mikoko, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Tukipanga magogo, tukipanga mawe juu yake, tukiwasha moto, na mawe yakishaiva tukiyamwagia maji yakafumuka kuwa unga. Unga ule tulijaza viroba kwa koleo, na hakuna aliyefunika pua. Jioni nikipenga kamasi, zilitoka nyeupe. Wanangu walikuwa wakijua nimerudi kwa kikohozi changu kabla hawajasikia hodi, na sote tukicheka.

Kicheko kilikwisha masika moja. Makohozi yalikuwa mazito, yanavutika kama ulimbo, na kila asubuhi nilikaa ukingoni mwa kitanda nikipigana nayo mpaka macho yanatoka machozi. Nguo zilianza kunipwaya. Mke wangu, Bi Mize, alinipeleka hospitali ya mjini Chake, hapa kwetu Pemba, bila kuniuliza.

Pale kwenye benchi la kusubiri ndipo nilipojifunza kuona haya. Nilipokohoa mara ya kwanza, mama mmoja aliyepakata mtoto alijivuta pembeni kidogo. Nilipokohoa mara ya pili aliinuka kabisa, akajifunika mdomo kwa mtandio wake. Benchi lenye nafasi ya watu watano nikalikalia mimi na Bi Mize peke yetu, na ukutani watu wamesimama. Walinipa vikopo vya kutemea, siku mbili mfululizo. Majibu yalipotoka, daktari aliniandikia karatasi yenye muhuri kwamba sina kifua kikuu. Nina makohozi yaliyokwama katika mapafu yaliyochakaa, basi. Mengine aliyonieleza nimeyasahau. Karatasi niliikunja nikaitia katikati ya msahafu, na ningekuwa na akili ningeitundika mlangoni.

Kwenye dirisha la dawa alikuwapo msichana mdogo kuliko binti zangu wote.

"Shikamoo babu. Una vidonda vya tumbo?"

"Marahaba. Sina."

"Pumu je? Umewahi kubanwa na kifua ukapiga mluzi?"

"Sina pumu, mwanangu. Mie nina ulimbo tu."

Akacheka, akanikabidhi boksi la pakiti za unga. "Pakiti moja kwenye glasi ya maji, asubuhi na mchana, ukishakula. Usiku usinywe, utakohoa usilale. Na maji mengine unywe mchana kutwa. Sikiliza babu: dawa hii haitoi makohozi, inayafanya mepesi tu. Mwenye kuyatoa ni wewe, kwa kukohoa. Kwa hiyo usije ukainywa pamoja na dawa ya kukata kikohozi, hata akikupa nani."

"Hata akinipa huyu?" Nikamwonesha Bi Mize.

"Hata akikupa kadhi."

Watu kwenye foleni wakacheka. Alichukua kalamu nyekundu, akaandika juu ya boksi: MAJI MENGI. USIZUIE KIKOHOZI. Akaniambia pia nikiona damu, au nikivimba uso, au pumzi ikinibana, niiache na nirudi siku hiyohiyo.

Dawa ilifanya kazi. Siku ya tatu au ya nne makohozi yalianza kuteremka kama maji ya mchele, mengi, yananuka, nami nikawa nakohoa zaidi ya zamani. Mtu asishtuke kwa hilo. Ndiyo yanatoka. Bi Mize alichukua kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, akatia majivu chini, akalishonea mfuko wa kanga kuukuu ili nisione haya kulibeba. Baada ya wiki mbili nililala chali kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani. Nakumbuka niliamka alfajiri nikadhani nimekufa, kwa jinsi kifua kilivyokuwa chepesi.

Jirani alipoona nimepata nafuu, alikuja kuomba pakiti moja ampe mjukuu wake wa mwaka mmoja anayekoroma kifua. Mimi nilikwisha nyoosha mkono. Bi Mize akanipiga juu ya vidole. "Ntoto wa mwaka ana nguvu gani za kukohoa? Ukimlainishia, yatatokea wapi? Mpeleke hospitali, bibi." Jirani aliondoka amenuna. Mke wangu hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani, lakini maneno ya yule msichana wa dirishani aliyashika yote. Mimi niliyefika sekondari niliyakumbuka yote pia, nayo hayakunifaa kitu.

Raya ndiye binti yangu wa mwisho. Wakati ule alikuwa na miaka thelathini na miwili, anashona nguo katika kibanda chake kando ya barabara. Posa moja ilikwisha vunjika huko nyuma. Ilipokuja hii ya Othman, fundi umeme wa Tibirinzi, nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Shangazi yake Othman alikuja kututazama, akakaa ukumbini, na mimi chumbani nikashikwa na kikohozi.

"Mzee anaumwa?" akauliza.

Hamad, aliyekuja kutusaidia kupokea wageni, alijibu haraka kabla ya Bi Mize. "Ah, mafua tu. Vumbi la jana."

Nilisikia kila neno. Msahafu ulikuwa juu ya kabati, mkono wangu ukiufikia, na ndani yake karatasi yenye muhuri. Sikuugusa. Usiku Bi Mize aliniambia, "Si ungewaonesha ile karatasi yakaisha?" Nikamjibu kwa ukali kwamba sitawatandikia wakwe zangu makohozi yangu kama samaki sokoni.

Akdi ilipangwa Mfunguo Mosi uliofuata, mwezi baada ya Ramadhani, siku ya Ijumaa baada ya alasiri, barazani kwangu. Mabinti zangu wawili wakubwa niliwaozesha kwa kauli yangu mwenyewe, mkono wangu ndani ya mkono wa mume. Shehe wa mtaa alinipitia akaniambia kwa upole kwamba baba anaweza kumpa mwingine uwakili, na si aibu. Bi Mize akaishika hiyo kwa mikono miwili. "Mpe shehe uwakili. Kaa chumbani na kopo lako, unywe maji yako, shughuli ipite."

Hamad ndiye aliyenishinda. Tuseme ukweli, alinikuta nimekwisha shindwa.

"Baba yu hai," alisema, "yumo ndani ya nyumba, na hatoki kumwozesha bintiye. Watu watasema nini? Si ndiyo kujitangazia kuwa ana kifua kikuu? Toka yakhe, ukae kama ntu nzima. Hilo kopo lifiche."

Asubuhi yake ndipo alipokuja na chupa. Ilikuwa dawa yake mwenyewe, aliyopewa kwa kikohozi kikavu kilichokuwa kikimwasha koo. "Mie ilinikata siku moja tu," aliniapia.

Nami nilikwisha fanya ujinga wangu wa kwanza. Kwa kutaka kifua kiwe safi mapema, alfajiri nilichanganya pakiti tatu pamoja kwa maji ya kikombe kidogo cha kahawa. Maji mengi sikutaka, nisije nikainuka kwenda msalani mbele ya wageni. Halafu nikanywa chupa ya Hamad, vijiko viwili, na baada ya adhuhuri nikapiga funda jingine kwa mdomo wa chupa. Ilikuwa tamu, yenye harufu ya ndizi. Kopo nililisukuma chini ya kitanda kwa mguu.

Kikohozi kikakatika. Ilikuwa kweli. Nilikaa saa nzima bila kukohoa, nikavaa kanzu, nikajitia mafuta ya udi. Bi Mize alichungulia.

"Mbona kimya?"

"Nimepona."

"Mtu haponi hivyo."

Wakati huo nilikwisha anza kusikia kitu kinacheza ndani ya kifua, kama maji ndani ya dafu unapolitikisa. Nilijua ni nini. Wageni walikuwa wanaingia.

Baraza ilijaa. Othman aliketi mbele yangu, kijana mwenye mabega mapana, anatabasamu kwa woga. Shehe akasoma hotuba ya ndoa. Kila alipovuta pumzi kusoma, mimi nilivuta pumzi nusu, kisha robo. Aliponishikisha mkono wa Othman nilihisi jasho lake na langu. Shehe akaniambia niseme. Nikasema, "Ewe Othman, nimeku..."

Hapo pumzi haikuwapo tena. Niliita kikohozi nacho hakikuja. Yale makohozi niliyoyayeyusha tangu alfajiri yalipanda yenyewe, yakatoka mdomoni na puani, juu ya mikono yetu iliyoshikana, juu ya mkono wa kanzu ya Othman. Sauti iliyonitoka ni ya mtu anayezama.

Shehe alinishika bega. "Mzee Kombo, nipe uwakili. Sema ndiyo tu. Sema ndiyo!"

Neno moja. Nilifungua mdomo, likatoka povu.

"Mwachie mkono!" Alikuwa ami yake Othman, amekwisha simama. "Othman, mwachie mkono! Mafua hayo? Mlituambia mafua!"

Othman aliniachia. Alijifuta kwa mkono wa pili wa kanzu, na sikumlaumu.

Hamad alikuwa ametimka kutafuta gari. Watu wamenizunguka kwa mbali, wenye leso wamejiziba pua. Na katikati ya wanaume wale Raya akatoka ndani. Alikuwa amevaa nguo yake ya akdi aliyoishona mwenyewe, mikono ina hina mpaka kwenye viwiko, kichwa kimefunikwa nusu. Mkononi ameshika kopo. Alipiga magoti, akaniinamisha, akanipiga mgongo kwa kiganja na huku analishikilia kopo chini ya mdomo wangu. Nikasikia mtu anasema, na sauti ile ninayo mpaka leo, "Bibi harusi na kopo la makohozi. Chukueni viatu vyenu, twendeni."

Wakachukua viatu vyao.

Hospitali nililala kuanzia Mfunguo Mosi ule mpaka mvua za masika zilipokatika. Siku za kwanza sizijui vizuri. Najua mpira wa hewa puani, na mpira mwingine waliouingiza kooni kunyonya uchafu, na mlio wake, ambao ningeweza kuuigiza sasa hivi. Daktari alipouliza nimekunywa nini, Hamad alitazama sakafu. Raya ndiye aliyeikuta chupa mfukoni mwa kanzu yangu alipokuwa akitoa nguo za kufua, akaiweka mezani pamoja na boksi lenye wino mwekundu. Daktari alivisoma vyote viwili, kimoja baada ya kingine.

"Nani aliyekupa hii juu ya hii?"

Nikainua kidole, nikajionesha mwenyewe. Hilo la haki nililifanya.

"Mzee, umefungulia maji yote halafu umeziba mchirizi," akasema. Hakuongeza. Wauguzi waliongeza kwa ajili yake: "Kohoa babu! Kohoa!" Walinisihi kukohoa kama watu wanavyomsihi mtoto kula. Kile nilichokionea haya ndicho walichokuwa wakikitafuta mchana kutwa, na kikija kidogo walifurahi.

Sehemu ya chini ya pafu la kushoto ilijaa usaha, kisha ikalala na haijaamka. Nilikonda nikawa naogopa kujigeuza, mbavu zinauma kwa kugusana na godoro. Miguu ilikuwa kama fimbo za kuvunia karafuu. Kucha zilibadilika, zikavimba duara kama vichwa vya vijiko. Alikuwapo nesi mmoja mtu mzima aliyekuwa akinilowesha midomo kwa pamba kila apitapo, bila kuambiwa na mtu. Jina lake sikuliuliza. Kwa wiki nyingi pamba ile ndiyo ilikuwa starehe yangu.

Othman alikuja mara moja. Alisimama mlangoni na mama yake, mama amejifunga kitambaa puani. Raya alikuwa ananilisha uji. Mama akasema ndoa isubiri mpaka Maulidi yapite, mgonjwa apate nguvu. Maulidi yakapita. Wakasema wangoje mavuno ya karafuu. Bi Mize alikwenda Tibirinzi na karatasi yenye muhuri, aliyoitoa msahafuni. Aliniambia walimpokea vizuri, wakamkaribisha chai, na kikombe alichonywea akaona kikitengwa pembeni na vingine. Karatasi waliisoma, wakauliza, "Mbona hamkuionesha mwanzo?" Jibu lilikuwa limelala kitandani hospitali.

Nyumbani nako kulichacha. Hamad, badala ya kukaa na kosa letu, alitafuta pa kulitua. Siku moja, nimekwisha rudi nyumbani, alimwambia Raya mbele yangu, "Weye ungelikaa ndani siku ile, haya yasingekuwa. Bibi harusi gani anatoka mbele za wanaume?"

Bi Mize alikuwa anapepeta mchele. Aliuweka ungo chini taratibu. "Hamad, shemeji yangu. Mwanangu alitoka kwa sababu wanaume mliokuwapo mlikuwa mnashika pua. Toka kwangu kabla sijasahau kuwa wewe ni mkubwa." Hamad alitoka. Tunasalimiana msikitini. Nyumbani kwangu hajaingia tena.

Kabla ya kuniruhusu, hospitali walimfundisha Raya kazi yangu. Nalala kifudifudi, mito chini ya nyonga, kichwa chini, naye ananigonga mgongo kwa viganja alivyovikunja kama anayeteka maji, robo saa upande huu, robo saa ule, asubuhi na jioni. Kisha nakohoa ndani ya kopo. Bi Mize mikono yake haina nguvu hiyo, na mabinti wengine wako kwa waume zao. Kibanda cha kushonea Raya alikifunga.

Karafuu zikavunwa. Othman alioa msimu uleule, msichana mwingine. Pemba ni ndogo. Jirani aliyealikwa alirudi na sahani ya pilau ya harusi, na kwa wema au kwa ukatili, sikujua, akailetea nyumba yetu. Nilidhani Raya ataimwagia kuku. Aliila. Alikula amesimama, dirishani, mpaka punje ya mwisho, akaosha sahani, akairudisha. Kisha akaja kunigonga mgongo, na siku ile aligonga kwa nguvu mpaka nikaumia.

Ni siku nyingine, mvua za vuli zinaanza, aliponiambia. Uso wangu ulikuwa umezama kwenye godoro, hakuhitaji kunitazama.

"Othman alikuwa anajua, baba."

"Anajua nini?"

"Kifua chako. Nilimweleza kwa simu tangu siku ya posa. Makohozi, chokaa, karatasi ya hospitali, yote. Akasema mgonjwa ni mgonjwa, hata babu yake alikuwa hivyo. Alikuwa anangoja wewe uwaambie wazee wake. Alisema kijana hawezi kumtangulia mkwewe kwa maneno." Aliendelea kugonga. "Baadaye ami yake akamwambia, ukoo ulioficha hili utaficha mangapi. Ndipo akarudi nyuma."

Nikakohoa.

Sasa ni masika ya nne tangu siku ile. Kipindi kibaya kimepita. Natembea mpaka msikitini nikipumzika mara mbili njiani. Dawa ya kulainisha makohozi nainywa bado: pakiti moja, glasi nzima ya maji, nikishakula, na maji mengine mchana kutwa, na Ramadhani daktari amenikataza kufunga nami nimetii. Dawa ya mtu mwingine siigusi, hata ya macho. Kopo linakaa kando yangu barazani, halina mfuko wa kanga tena. Mtu akiniuliza namwambia lina nini. Anayetaka kusogea pembeni asogee, nami nakohoa mpaka yatoke. Wewe uliyeandikiwa dawa kama hii, ukipata shughuli, nenda na kopo lako. Wakikukimbia, waliokimbia ni wao.

Mimi nimepoteza kipande cha pafu, na hicho ni haki yangu. Alichopoteza mwanangu hakikuwa haki yake. Raya ana miaka thelathini na sita, hakuna aliyekuja kumposa tena, cherehani yake imefunikwa gunia, na asubuhi na jioni yuko mgongoni kwangu. Kwa kuona haya kukohoa saa moja mbele ya watu, nilimkosesha mwanangu mume aliyempenda, na nikamfanya mtumishi wa kifua changu.